Nimenunua baiskeli ya changarawe, nipite wapi? Jibu kwa msomaji wa Reading

Msomaji ameandika: "Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi hapa Reading, Uingereza, mzaliwa wa Moshi. Nimenunua baiskeli ya changarawe, ile ya njia zisizo na lami, yenye tairi za milimita 40, maana nimechoka kubanwa na magari barabarani, na navipenda vile vilima vya mashambani. Februari nilifuata njia niliyochorewa na simu, nikaishia kwenye tope lililokaba magurudumu yasizunguke, na bibi mmoja mwenye mbwa akaniambia baiskeli haziruhusiwi pale. Alikuwa sahihi? Nianzie wapi? Na mwakani natamani ule mzunguko wa King Alfred's Way, kilomita 350. Ni mkubwa kwangu?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa baiskeli. Nianze na jibu lenyewe: subiri ardhi ikauke, kuanzia katikati ya Mei hadi Septemba hivi. Panda treni mpaka Swindon, kisha rudi mashariki kwa baiskeli juu ya mgongo wa vilima, kwa njia ya Ridgeway, mpaka Goring, ambako utapata treni ya kukurudisha Reading. Kwa mtu anayekaa ulipo sijui njia nzuri ya kuanzia kuliko hiyo. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ukizielewa utaweza kujichagulia njia nyingine bila kumuuliza mtu.

Kwetu barabara ya vumbi ni barabara kamili. Imechongwa na greda, lori linapita, inaunganisha mji na mji, na ukiishika asubuhi unaweza kuifuata mpaka jioni. Wengi walioupenda mchezo huu kwa kutazama Migration Gravel Race, mashindano ya baiskeli ya Mara, Kenya, yaliyoanza 2021, wanakuja Uingereza wakitafuta kitu cha namna ile. Hakipo. Barabara za aina hiyo hapa karibu zote zilitiwa lami zamani. Zilizobaki ni njia za wakulima, njia walizopita wachungaji wakipeleka kondoo sokoni, njia za farasi, barabara za misituni na tuta za reli zilizoachwa. Unaunga kipande na kipande, katikati unapita vichochoro vya lami vyembamba, na kila baada ya mwendo mfupi kuna geti la kufungua na kufunga. Ukipata wastani wa kilomita 14 au 15 kwa saa umekwenda vizuri. Kwa hiyo usipange safari kwa hesabu ya lami.

Sasa yule bibi. Huenda alikuwa sahihi kabisa, na jibu lilikuwa kwenye nguzo iliyo mwanzo wa njia. Mashambani huku ardhi karibu yote ina mwenyewe, lakini juu yake zinapita njia za umma ambazo mwenye shamba hana mamlaka ya kuzifunga, na kila moja ina daraja lake kisheria. Mshale wa manjano ni njia ya waendao kwa miguu. Ukiendesha baiskeli pale bila ruhusa umeingia ardhi ya mtu isivyo halali. Kwa kawaida si kosa la jinai, lakini mwenye shamba anaweza kukutaka uondoke na utalazimika kuondoka. Mshale wa buluu ni njia ya farasi, ambayo vibao huiita Bridleway, na hapo sheria ya mashambani ya 1968, kifungu cha 30, ilitupa waendesha baiskeli haki ya kupita kwa sharti kwamba tuwapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Mshale wa zambarau unaruhusu baiskeli pia, pamoja na mikokoteni ya farasi, ila si vyombo vya injini. Mwekundu ni njia iliyo wazi kwa wote, hata pikipiki na magari, na ndiyo maana mara nyingi utaikuta imechimbwa mifereji ya magurudumu.

Simu yako haijui haya, au inayajua nusunusu. Programu nyingi huchora njia kwa kuangalia wapi watu wamewahi kupita, na watu hupita hata pasiporuhusiwa. Ramani ninayoiamini ni ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la hapa, ya kipimo cha 1:25,000, yenye jalada la rangi ya machungwa, inayoitwa Explorer. Ipo ya karatasi na ipo kwenye simu. Humo njia za umma zimechorwa kwa kijani: vistari vifupi ni njia ya miguu, vistari virefu ni njia ya farasi. Ukishazoea kutofautisha vifupi na virefu, dakika chache zinatosha kuikagua safari nzima ukiwa mezani. Na siku nyingine mtu akikusimamisha penye mshale wa buluu, mwonyeshe mshale, msalimie, endelea. Nakusisitizia hili kwa sababu najua ilivyo kuwa mgeni kwenye kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake. Haki yako ya kupita hapo ni sawa na ya mzaliwa wa kijiji kile, na haitegemei umetoka wapi. (Uskoti ina sheria yake tangu 2003, inayofungua karibu ardhi yote kwa baiskeli. Ukisoma ushauri wa kupita popote, angalia kwanza kama mwandishi anazungumzia huko.)

Tope lako nalo lina maelezo yake, na hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu waendesha baiskeli wengi huhangaika na tairi na gia ilhali tatizo liko ardhini. Njia ya farasi haielezi chochote kuhusu sakafu yake. Sheria inakupa haki ya kupita. Ugumu au ulaini wa njia unatokana na mwamba ulio chini na mwezi uliopo kwenye kalenda.

Vilima unavyovipenda kusini mwa Uingereza vingi ni vya chaki, jiwe jeupe lililojengwa na maganda ya viumbe wadogo mno wa baharini katika zama za mwisho za dinosaria. Chaki ina vitundu, kwa hiyo maji ya mvua huzama ndani yake badala ya kutuama. Njia iliyo juu ya chaki hukauka upesi, na ndiyo sababu watu wa kale walitembea juu ya vilima na kuyaacha mabonde. Maji hayo yanashuka mpaka yakutane na tabaka lisilopenya, kisha yanatokea kama chemchemi chini ya mteremko, na hapo pote pamejengwa kijiji. Ukitazama ramani utaona vijiji vimepangana mguuni mwa kilima, Bishopstone, Ashbury, Woolstone, Kingston Lisle, Letcombe, na juu hakuna kitu. Hili lina maana kubwa kwako: juu ya Ridgeway maji ni ya shida. Kuna mabomba machache ya kuchotea maji, lakini nakushauri usiyategemee. Beba lita 2, na ukiishiwa ujue utashuka mteremko mkali hadi kijijini na kuupanda tena.

Mabonde yenyewe ni udongo wa mfinyanzi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mfinyanzi hulowa, hunata kwenye tairi, huchota majani na vijiti, hujaza nafasi kati ya gurudumu na uma wa baiskeli, na safari inaishia hapo. Vilima vya Chiltern, vilivyo kaskazini yako ng'ambo ya mto Thames, huwapotosha wengi: ndani ni chaki, ila juu vimefunikwa na tabaka la mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume, halafu misitu inazuia jua na upepo visikaushe. Kwa maelezo yako nadhani Februari ulikuwa huko. Baiskeli haikuwa na kosa lolote, wala miguu yako. Rudi mahali palepale mwezi Julai, upande wenye mshale wa buluu, na utashangaa. British Geological Survey wameweka ramani ya miamba ya nchi nzima mtandaoni bila malipo. Ifungue kando ya ramani ya njia kabla ya kila safari ya majira ya baridi.

Turudi kwenye safari niliyokupa. Treni za mbio za kwenda Swindon zinataka nafasi ya baiskeli iwekwe mapema. Hulipii chochote, lakini usipoiweka unaweza kuachwa. Ninakupeleka magharibi kwanza kwa sababu upepo wa kusini mwa Uingereza mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, na juu ya vilima vile hakuna cha kuukinga. Ukianzia Swindon upepo unakusukuma mgongoni siku nzima; ukianzia Goring utapambana nao siku nzima. Jumla ni kilomita 50 hadi 60, kutegemea unavyotoka mjini. Toka Swindon kwa njia ya baiskeli inayoelekea Chiseldon, kisha pinda mashariki upande wa Liddington, vuka juu ya barabara kuu ya M4, na baada ya Foxhill unaiacha lami na kuanza kupanda.

Kuanzia hapo mpaka Streatley, kijiji kinachotazamana na Goring ng'ambo ya mto, Ridgeway karibu yote iko wazi kwa baiskeli. Ni njia pana nyeupe, majani katikati na mistari miwili ya magurudumu pembeni, mashamba ya ngano na shayiri yakishuka kulia na kushoto. Kwenye kijisitu kidogo kando ya njia utapita Wayland's Smithy, kaburi la mawe makubwa lenye zaidi ya miaka 5,000. Wenyeji walisimulia kwamba msafiri akimwacha farasi wake hapo pamoja na sarafu, mhunzi asiyeonekana humpigilia kwato. Mbele kidogo ni ngome ya udongo ya Uffington, na chini yake yule farasi mweupe aliyechimbwa mlimani na kujazwa chaki, mwenye urefu wa mita 110 hivi na umri wa karibu miaka 3,000. Anaendelea kuonekana kwa sababu vizazi vimekuwa vikimsafisha. Akiachwa, majani yatamfunika. Uko mita 261 juu ya usawa wa bahari. Kaa hapo ule. Bonde lote liko mbele yako, na ukilitazama utaona kwa macho nilichoeleza kuhusu vijiji na chemchemi.

Baadaye njia inapanda na kushuka taratibu, juu ya mji wa Wantage, ambako inasemekana mfalme Alfred alizaliwa mwaka 849 na sanamu yake iko sokoni, kisha inapita chini ya barabara ya A34 kwa handaki karibu na East Ilsley, na kuteremka mpaka mtoni. Sehemu ya Lambourn na East Ilsley ni nchi ya farasi wa mashindano. Utaona viwanja virefu vya majani vilivyotunzwa kando ya njia. Hivyo ni vya mazoezi yao, usiingize tairi hata kama njia yako ni mbovu. Ukimfikia farasi kwa nyuma, punguza mwendo ukiwa bado mbali, mwite mpandaji kwa sauti ya kawaida, "habari za asubuhi" yoyote ile, kisha ngoja akuambie. Pita kulia kwake ukiacha nafasi. Kanuni za barabara zinakataza kumpita farasi upande wa kushoto. Kengele ya ghafla humshtua, na farasi wa mbio aliyeshtuka anaweza kumwua mtu.

Hatari mbili za chaki. Ya kwanza, ikilowa huteleza kama mlenda, hata penye mteremko mdogo, kwa hiyo baada ya mvua kubwa iahirishe safari siku mbili. Ya pili ni ile mifereji ya magurudumu: kiangazi hukauka ikawa migumu, na tairi la mbele likiingia ndani ya mfereji huku ukijaribu kutoka kwa ulalo, utaanguka. Chagua mstari mapema, utazame mbali, na ukishaingia kwenye mfereji kaa humo mpaka upungue kina.

Ukifika Streatley simama. Ridgeway yenyewe inaendelea mpaka Ivinghoe Beacon, jumla yake kilomita 139, na alama yake ya tunda la mwaloni itakuita uendelee. Lakini mashariki ya mto Thames sehemu kubwa ni njia ya miguu. Tunda la mwaloni ni alama ya njia za kitaifa tu. Halikupi ruhusa ya baiskeli. Waendesha baiskeli wengi hukamatwa na mtego huu. Fuata rangi ya mshale kila mara.

Majira ya baridi hayana haja ya kukufungia ndani. Tafuta mchanga. Upande wa Bracknell, msitu wa Swinley umekaa juu ya mchanga unaopitisha maji, una barabara pana za changarawe kati ya misonobari, na kutoka Reading unafika kwa baiskeli bila kuchoka. Ndani yake hupita barabara ya Warumi iliyotoka London kwenda Silchester, ambayo wenyeji huiita Devil's Highway. Pwani ya mashariki, Peddars Way ya Norfolk nayo ni barabara ya Warumi, yenye mchanga sehemu nyingi, na inafaa hata Januari. Tuta za reli za zamani pia hustahimili mvua: Tissington Trail na High Peak Trail kule Derbyshire ni nzuri sana kwa siku fupi. Na fupi zinakuwa kweli. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, kwa hivyo taa ni lazima hata ukitoka asubuhi.

Tairi za milimita 40 zinatosha kwa kiangazi. Kama uma wako unapokea 45, nunua hizo zikichakaa hizi, kwa sababu ya gumegume. Jiwe hili likivunjika lina makali ya kukata ubavu wa tairi. Ondoa tyubu, tumia tairi zinazotiwa maji ya kuziba pancha, na shusha upepo: kwa mtu wa kilo 65 hadi 75, anza na psi 30 mbele na 33 nyuma, kisha rekebisha mwenyewe. Vuli ina adui wake. Wakulima hawaruhusiwi kupunguza nyua za miti kati ya Machi 1 na Agosti 31, ili kuwalinda ndege wanaotaga. Ikifika Septemba mashine zinaanza, na vijiti vya miiba vinatapakaa kwenye vichochoro. Wakati huo maji ya kuziba pancha yawe mapya. Kuhusu gia, gia yako nyepesi kabisa iwe na meno mengi nyuma kuliko mbele, au angalau sawa. Kupanda kutoka Letcombe kutakufundisha sababu.

Kupe wapo kwenye majani marefu na misitu, na wewe kama muuguzi unajua ugonjwa wa Lyme wanaouambukiza. Jikague nyuma ya magoti na kiunoni siku hiyo hiyo.

Nije kwa King Alfred's Way. Ilizinduliwa na Cycling UK, chama cha waendesha baiskeli, mwaka 2020, inaanza na kuishia Winchester, na inapita Reading, yaani mlangoni kwako. Kwa kuwa ni duara, huna sababu ya kwenda Winchester kuanza. Si kubwa kwako, ila usiifanye kwa siku 3 kama unavyowasikia vijana wakijisifu. Chukua siku 5, ukiifanya mwisho wa Mei au Juni, ambapo mwanga unakaa mpaka baada ya saa tatu usiku na unaweza kupumzika mchana bila wasiwasi. Kabla yake fanya safari moja ya siku mbili mfululizo na mizigo yako yote, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayoonyesha kama kiti na mikono vimekaa sawa.

Ukitoka Reading elekea kusini, Farnham kwanza, kisha vilima vya South Downs hadi Winchester, halafu Salisbury, Stonehenge na Avebury, na urudi kwa Ridgeway. Kipande cha South Downs ndicho kigumu kuliko vyote. Butser Hill ina mita 270, na vilima havikupi nafasi ya kupumua kati ya kimoja na kingine. Kukipata siku ya pili, miguu ikiwa bado mizima, ni faida. Kwenye Salisbury Plain unakutana na eneo la mazoezi ya jeshi: bendera nyekundu ikipepea usivuke mstari wake, hata kama ramani inaonyesha njia ya umma, na usiguse kitu chochote cha chuma kilicholala ardhini. Hakikisha ratiba ya mazoezi siku moja kabla. Stesheni za kukimbilia ukishindwa ni Farnham, Petersfield, Winchester na Salisbury. Baada ya Salisbury stesheni za karibu ni adimu mpaka ukaribie Swindon, kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kurudi ufanyie pale Salisbury, asubuhi, ukiwa umeshakula na kuangalia hali ya hewa ya siku mbili zinazofuata.